Bangi, Kifafa na Seli za Ubongo: Historia ya Maarifa kutoka Pwani hadi Basoko

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya mambo mawili ambayo kwa kawaida hutazamwa mbalimbali: mmea wa bangi, na maradhi ya kifafa na degedege. Mahali panapotumiwa kama kituo cha mjadala ni Basoko, mji mdogo ulio kwenye makutano ya mto Aruwimi na Mto Kongo, upande wa magharibi wa Kisangani, katika jimbo ambalo tangu mwaka 2015 linaitwa Tshopo. Basoko imechaguliwa kwa sababu hapo ndipo njia ya misafara ya Waswahili ilipokomea, na hapo ndipo Kiswahili kinapokutana na Kilingala. Maneno ya lugha zote mbili kuhusu mmea huo na maradhi hayo yamehifadhi historia ambayo kumbukumbu za serikali hazikuishughulikia.

Mambo hayo mawili yameletwa pamoja na sayansi ya ubongo. Tangu mwaka 1988 imefahamika kwamba ubongo wa binadamu na wa wanyama wengi una vipokezi ambavyo kemikali za bangi hujishikiza kwavyo, na kwamba vipokezi hivyo vina kazi maalumu wakati mtu anaposhikwa na kifafa kwa muda mrefu. Hoja ya makala haya ni kwamba vipokezi hivyo, ijapokuwa vilipewa jina la bangi, ni sehemu ya ulinzi ambao mwili huzaliwa nao, na ulinzi huo una kikomo cha muda. Asiyelitambua jambo hili huweza kuanguka katika kosa moja kati ya mawili: kuulaani mmea kiasi cha kuikataa elimu iliyotokana nao, au kuusifu mmea kiasi cha kumfukizia moshi mtoto anayehitaji dawa ya hospitali.

Basoko katika njia ya misafara

Basoko iliingia katika maandishi ya Wazungu tarehe 1 Februari 1877, Henry Morton Stanley alipofika kwenye mlango wa Aruwimi akiwa na Waungwana wa Unguja na kukabiliwa na kundi la mitumbwi 54 ya wenyeji. Alipopita tena mwaka 1883 alikuta vijiji vingi katika sehemu hizo vimechomwa. Wakati huo wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Nyangwe walikuwa wamekwisha teremka chini ya maporomoko yaliyoitwa Stanley Falls, ambako leo pana mji wa Kisangani.

Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Mwaka huo huo Stanley alipandisha Aruwimi pamoja na mamia ya wapagazi walioandikwa Unguja, akaacha sehemu ya msafara wake Yambuya, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Muda mfupi baadaye Dola Huru ilijenga kambi yenye ngome Basoko ili kuwazuia Waswahili wasiendelee kuteremka mto. Kutoka kambi hiyo Louis-Napoléon Chaltin aliongoza majeshi mwaka 1893 katika vita vilivyovunja utawala wa Waswahili katika Kongo ya juu.

Hivyo Basoko ilikuwa mpaka wa kijeshi, na kwa kiasi fulani imebaki mpaka wa lugha. Kisangani Kiswahili cha Kingwana husikika sokoni na majumbani. Kadiri mtu anavyoteremka mto kuelekea Basoko, Kilingala ndicho kinachotawala. Hata hivyo kambi haikuweza kuzuia maneno, mbegu wala maradhi.

Safari ya neno bangi

Neno bangi lina asili ya Kihindi, na mzizi wake ni neno la Kisanskriti bhanga. Lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na mmea wenyewe katika biashara iliyounganisha Bara Hindi, Uajemi, Arabuni na pwani ya Afrika Mashariki. Kwamba mmea ulikuwa umekwisha fika upande huu wa Afrika mapema kunathibitishwa na vichwa vya kiko vilivyofukuliwa Ethiopia, vya karne ya 14 hivi, ambavyo vilikutwa na mabaki yake. Katika karne ya 19 Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 na 1858, alieleza jinsi watu wa pwani na wa bara walivyovuta bangi kwa kiko cha maji na kukohoa kwa kelele.

Wapagazi wa misafara walikuwa wavutaji, na mbegu za bangi ni ndogo na hazihitaji matunzo makubwa. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi huihusisha njia ya misafara na kuenea kwa mmea huo katika Kongo ya mashariki. Upande wa Kasai, Hermann Wissmann na Paul Pogge walipofika kwa Bashilange mwaka 1881 walikuta jamii nzima chini ya Kalamba Mukenge imejipanga upya kwa kuizunguka bangi. Watu hao walijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi, na uvutaji wa pamoja ulikuwa alama ya amani baina yao. Jina riamba, ambalo kwingine hutamkwa liamba au diamba, ni la upande wa magharibi na halikutoka pwani ya Waswahili.

Msemaji wa Kilingala leo huweza kutumia neno diamba au neno bangi kwa mmea ule ule. La kwanza hutazama Atlantiki, la pili hutazama Bahari ya Hindi. Maneno hayo mawili, yakitumika pamoja katika mkondo mmoja wa Mto Kongo, ni ushahidi kwamba watu wa bonde hilo walipokea maarifa kutoka pande mbili.

Kifafa, degedege na ndege

Majina ya maradhi nayo yana historia. Kifafa katika Kiswahili ni neno lililojengwa juu ya kitenzi kufa, kwa kurudufu mzizi wake: mgonjwa huanguka kama maiti, kisha huinuka. Neno hilo lilikuwa limekwisha kaa katika kamusi sanifu iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson. Kwa watoto wadogo Kiswahili kina neno lingine, degedege, linalotaja mtukutiko wa mwili unaokuja pamoja na homa kali. Wazee wa pwani walilihusisha na ndege, au na nondo mkubwa wa usiku, anayepita juu ya mtoto na kumfanya akakamae, ageuze macho na kupiga mikono kama mabawa.

Katika Kilingala ndege huitwa ndeke, na katika sehemu nyingi za Kongo maradhi ya kuanguka na kutukutika huitwa kwa jina hilo hilo, maradhi ya ndege. Kwa hiyo mama wa Bagamoyo na mama wa Basoko, ambao hawakuwahi kukutana, wamekitazama kitu kimoja na kukifananisha na kiumbe kimoja. Si lazima kudai kwamba wazo hilo lilisafirishwa na misafara, kwani mtukutiko wa mtoto unafanana na mapigo ya mabawa popote pale. Lakini matokeo yake kijamii yamekuwa yale yale. Maradhi yanayodhaniwa kuletwa na ndege au pepo hupelekwa kwanza kwa mganga. Aidha, mahali pengi huaminika kwamba kifafa huambukiza kwa mate na povu la mgonjwa, na kwa sababu hiyo aliyeanguka motoni au majini huachwa bila kuguswa.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alilishuhudia jambo hilo Mahenge, nchini Tanganyika, kuanzia mwaka 1959. Miongoni mwa Wapogoro aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa, wengine wenye makovu makubwa ya moto, akaanzisha kliniki iliyowapa dawa ya fenobabitali. Alieleza pia juu ya watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika wilaya ya Ulanga na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta wagonjwa wa kifafa wapatao 10 katika kila watu 1,000.

Bangi kama dawa ya kifafa: ushahidi wa kale

Je, katika historia bangi iliwahi kutumiwa kama tiba ya kifafa? Jibu ni ndiyo, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika nchi zile zile zilizoipatia Afrika Mashariki neno lenyewe na sehemu kubwa ya msamiati wake wa tiba. Mwandishi wa Kiarabu al-Badri, aliyeishi katika karne ya 15, alisimulia habari za mtu mkubwa wa Baghdad aliyekuwa na kifafa. Alipewa hashishi, maradhi yakamwacha, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuishi bila hashishi. Kisa hicho kifupi kimebeba mambo yote mawili ambayo sayansi ya baadaye ililazimika kuyapima, yaani nafuu na utumwa.

Mwaka 1839 daktari William Brooke O'Shaughnessy, aliyefanya kazi Calcutta, alitangaza majaribio yake ya bangi iliyoyeyushwa katika pombe. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa mtoto mchanga wa kike wa siku 40 hivi aliyeshikwa na mtukutiko usiokoma, naye alipata nafuu. Kwa miaka mingi baada ya hapo dawa hiyo iliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani. Iliachwa polepole kwa sababu nguvu yake haikutabirika: chupa moja ilikuwa kali, nyingine dhaifu. Fenobabitali, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, ilikuwa rahisi kupima kwa miligramu.

Wakati huo huo siasa nayo iliingia. Tawala za kikoloni za Afrika ya kati na mashariki, ikiwamo ile ya Wabelgiji, zilipiga marufuku uvutaji wa bangi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kwa hoja kwamba unawafanya vibarua kuwa wavivu na wakaidi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliiweka bangi chini ya udhibiti wa kimataifa, na ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukaiweka katika daraja la dawa hatari kabisa. Daraja hilo la ukali liliondolewa kwa kura mwezi Desemba 2020, ijapokuwa mmea ulibaki chini ya udhibiti. Katika muda wote wa marufuku, swali la O'Shaughnessy lilikaa bila kujibiwa: kwa nini mmea huu ulimtuliza mtoto?

Kutoka mmea hadi kipokezi

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1964, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walipoitenga kemikali inayolevya katika bangi, iitwayo kwa kifupi THC. Kemikali ya pili, kanabidioli, haileweshi. Umbo lake lilikuwa limefahamika mwaka uliotangulia. Hatua iliyobadilisha mambo ilifuata mwaka 1988, William Devane na Allyn Howlett walipothibitisha huko St. Louis, Marekani, kwamba ubongo wa panya una mahali maalumu panapoipokea kemikali ya aina ya THC. Mwaka 1990 jeni ya kipokezi hicho ilisomwa, nacho kikaitwa CB1. Cha pili, CB2, ambacho hupatikana zaidi katika seli za kinga, kilitangazwa mwaka 1993.

Kipokezi ni kama tundu la kufuli, na mwili hauwezi kuwa umetengeneza kufuli kwa ajili ya ufunguo wa mmea wa kigeni. Lazima uwe na ufunguo wake. Ufunguo huo ulipatikana mwaka 1992 katika ubongo wa nguruwe, ukaitwa anandamaidi, kutokana na neno ananda la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Kwa hiyo lugha iliyozaa neno bangi, ambalo Waswahili walilichukua hadi Kongo, ndiyo iliyotoa pia jina la kemikali ambayo ubongo wa kila binadamu hujitengenezea. Ufunguo wa pili, wenye wingi zaidi katika ubongo, ulitangazwa mwaka 1995.

Kazi ya vipokezi hivi ilifafanuliwa mwaka 2001. Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali, na kwa kawaida ujumbe huenda upande mmoja tu. Kanabinoidi za mwili hufanya kinyume: hutengenezwa na seli inayopokea ujumbe pale inapozidiwa, hurudi nyuma hadi kwa seli inayotuma, na kuiamuru ipunguze sauti. Mwaka 2003 kikundi cha Giovanni Marsicano na Beat Lutz kilionyesha maana ya jambo hili kwa kifafa. Panya walionyimwa vipokezi vya CB1 katika seli kuu za sehemu ya mbele ya ubongo walipopewa sumu inayosababisha kifafa, walitukutika vikali kuliko wenzao na seli zao nyingi zaidi ziliharibika. Mwaka huo huo watafiti wa Virginia, Marekani, walionyesha kwamba kuzuia vipokezi hivyo katika panya wenye kifafa cha kudumu kunaongeza idadi na urefu wa mitukutiko. Ilidhihirika kwamba CB1 ni breki ya ubongo.

Hata hivyo breki hiyo huchakaa. Uchunguzi wa vipande vya ubongo vya wagonjwa waliopasuliwa kwa sababu ya kifafa sugu, uliochapishwa na wanasayansi wa Budapest mwaka 2008, ulikuta kwamba katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, vipokezi vya CB1 vilikuwa vimepungua katika ncha za seli zinazochochea. Vimepungua pale pale ambapo vilihitajiwa zaidi.

Seli inayojila

Upande wa pili wa habari hii unahusu yanayotokea ndani ya seli baada ya mtukutiko mrefu, na historia yake inaanzia Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo. Christian de Duve wa Chuo Kikuu cha Louvain alitangaza mwaka 1955 ugunduzi wa laisosomu, vifuko vidogo ndani ya seli vyenye vimeng'enya vya kumeng'enyea. Louvain ndicho chuo kilichokilea Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Mwaka 1963, mwaka ule ule Chuo Kikuu Huria cha Kongo kilipoanzishwa Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, de Duve alibuni neno otofaji kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kujila mwenyewe. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyezifichua jeni za otofaji kwa kuchunguza hamira katika miaka ya 1990, aliipata mwaka 2016.

Katika otofaji seli huvizungushia utando vitu vyake vilivyochakaa, huvipeleka kwenye laisosomu, huviyeyusha na kuvitumia upya. Ni kama mjenzi anayebomoa kibanda kibovu ili apate miti ya kutengenezea nyumba. Seli ya neva inaihitaji kazi hii kuliko seli nyingine nyingi kwa sababu haigawanyiki. Taka ikikusanyika ndani yake haina mahali pa kwenda. Mwaka 2006 vikundi viwili vya Japani vilionyesha kwamba panya walionyimwa otofaji katika neva zao walipatwa na uharibifu wa ubongo, na mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kuiondoa jeni moja ya otofaji katika seli za ubongo wa mbele kunatosha kuleta kifafa.

Mtukutiko unapodumu, seli huchochewa kupita kiasi na kemikali iitwayo glutameti, kalisi hufurika ndani yake, na mitokondria, vinu vyake vya nguvu, huharibika. Katika majaribio ya panya alama za otofaji hupanda katika hipokampasi katika saa na siku zinazofuata. Maana ya kupanda huko si moja. Kwa kipimo cha kadiri, kujila huku ni usafi unaoiokoa seli. Kukizidi, au kukianza bila kumalizika kwa sababu laisosomu imeshindwa kumeng'enya, hugeuka kuwa sehemu ya maangamizi.

Hapa ndipo mikondo miwili ya utafiti inapokutana. Panya waliokosa CB1 wamekutwa na mrundiko mkubwa zaidi wa taka za uzeeni katika hipokampasi, pamoja na udhaifu wa kazi ya laisosomu, na majaribio ya seli katika maabara ya Mainz, Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba kipokezi hicho kinashiriki katika kupima kiasi cha otofaji. Kwa maneno mengine, kipokezi kinachozuia moto usienee kina mkono pia katika kusafisha majivu. Ushahidi huu ni wa wanyama na wa seli zilizokuzwa maabarani, na bado haujazaa dawa ya kumpa mgonjwa aliyetoka katika mtukutiko mrefu.

Suala la muda

Umuhimu wa elimu hii kwa Basoko unaonekana katika chanzo cha mitukutiko mirefu. Katika nchi za joto haianzi mara nyingi kwa uvimbe au ajali kama ilivyo kwa wazee wa Ulaya, bali kwa maambukizi, na malaria iko mbele. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi mbili ya matukio ya mtukutiko usiokoma kwa watoto yalitokana na maambukizi, na kiasi cha watoto 15 katika kila 100 walifia hospitalini. Wengine waliopona walibaki na ulemavu wa akili, wa viungo, au kifafa cha kudumu.

Chanzo cha pili ni usubi, inzi mdogo wa mito iendayo kasi. Katika Kongo ya Wabelgiji daktari Jean Hissette alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1930 upofu unaoletwa na minyoo ya inzi huyo huko Sankuru. Tafiti za miaka ya 2010 katika Bas-Uélé na Ituri, majimbo yanayopakana na Tshopo, zimekuta kifafa kwa wingi usio wa kawaida katika vijiji vilivyo karibu na mito ya usubi ambavyo havikupata dawa ya ivamektini ipasavyo. Mahenge, alikofanya kazi Jilek-Aall, ni nchi ya usubi vilevile.

Madaktari wanakubaliana kwamba mtukutiko ukizidi dakika 5 unapaswa kutibiwa bila kungoja, na ukifika dakika 30 hatari ya madhara ya kudumu ni kubwa. Sababu iko katika vipokezi. Mtukutiko unavyoendelea, vipokezi vya kemikali ya kutuliza hutolewa juu ya uso wa seli na kuingizwa ndani, huku vile vya kuchochea vikiongezeka. Ndiyo maana sindano ya dayazepamu inayofaulu dakika ya 10 huweza kushindwa saa moja baadaye. Breki ya CB1 nayo haiwezi kuushikilia mlima wote peke yake.

Kwa mzazi aliye kijijini juu ya Aruwimi, anayesafiri kwa mtumbwi hadi hospitali, saa ndizo zinazoamua. Muda unaopotea kwa kufukuza ndege, au kwa kumfukizia mtoto moshi wa bangi, ni muda ambao neva zinajila. Bangi inayovutwa haina kipimo. THC yake kwa kiasi fulani hutuliza na kwa kiasi kingine huweza kuchochea. Na moshi kwa mtoto aliyepoteza fahamu ni hatari kwa pumzi yake. Dawa iliyotokana na mmea huo na kuthibitishwa kwa majaribio ya haki ni kanabidioli safi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, tena kama dawa ya kunywa kila siku kwa kuzuia, wala si ya kukatiza mtukutiko uliokwisha anza. Ajabu ni kwamba kanabidioli haijishikizi sana kwenye CB1. Hufanya kazi kwa njia nyingine. Aliyedhani kwamba dawa ya mmea na kipokezi cha mmea ni kitu kimoja atakuwa amepotezwa na jina.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba majina yametangulia maarifa, na mara nyingine yameyafunika. Neno bangi lilifika Kongo ya juu pamoja na Waungwana, likakaa kando ya diamba. Neno degedege na neno ndeke yalikiona kwa usahihi kile kinachotokea katika mwili wa mtoto, lakini yakakitafutia chanzo angani. Wakoloni walipiga mmea marufuku bila kuuliza uliwahi kutibu nini. Wanasayansi nao walikiita kipokezi kwa jina la mmea, kumbe ni mali ya mwili.

Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili na wa Kilingala ni kuyaeleza mambo haya kwa maneno ambayo muuguzi wa Basoko na mama mwenye mtoto wanaweza kuyashika. Hakuna haja ya kuyatupa majina ya wazee. Inatosha kusema kwamba ndege huyo hukaa ndani ya ubongo. Kwamba ubongo una breki yake, nayo huchoka. Kwamba seli iliyozidiwa huanza kujila. Na kwamba dakika 5 zikipita mtoto akiwa bado anatukutika, safari ya hospitali haipaswi kungoja. Fenobabitali, dawa yenye umri wa zaidi ya miaka 100 na bei ndogo, ingali ikitumika katika nchi hizi. Mgonjwa anayeimeza kila siku anaweza kulima, kuvua na kusoma kama wenzake, na mtu anayemwona ameanguka karibu na moto anaweza kumshika mkono na kumwondoa bila hofu, kwa maana kifafa hakiambukizi kwa mate.